Kutoa Hewa kwenye Breki za Baba

Mama alinipa hadi Ijumaa jioni. Pikapu ya Baba ikisimama vizuri kwenye mteremko wetu wa Mbololo, itabaki nyumbani, nami niwe nikibeba parachichi za majirani kupeleka Voi. Isiposimama, Zubair, mfanyabiashara wa ndizi, atakuja kutoka Taveta Jumamosi ainunue, iwe ya kubebea ndizi zake.

"Mume nimeshazika," alisema. "Wewe sitaki kukuokota bondeni."

Baba hakuwahi kumpelekea fundi breki zake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila likizo ya Agosti aliinua pikapu kwa jeki, akatia mawe kwenye magurudumu, akaniita.

"Mguu hausimamishi gari, Valentine," alikuwa akiniambia. "Mguu unasukuma mafuta tu. Mafuta yanasukuma pedi, pedi zinabana chuma kinachozunguka na gurudumu. Ni hivyo tu."

Kwa hiyo wiki hiyo nilishuka Voi nikanunua pedi za mbele na mpira wa kupitishia mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Nikabadilisha mwenyewe. Nikakaza na breki za nyuma. Lakini nilipokanyaga, pedali ilizama hadi chini kama nimekanyaga uji.

Nilijua kosa liko wapi. Nilipofungua ule mpira, hewa iliingia. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea; nguvu ya mguu inaishia humo, gurudumu halipati kitu. Hewa lazima itolewe, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Nikamwita Josephat, jirani yetu wa bodaboda.

"Digrii yako ni ya breki?" aliuliza akipanda kwenye kiti.

"Ya jiografia."

"Vizuri. Tutajua jina la bonde tutakaloangukia."

Nililala juu ya gunia kando ya gurudumu. "Kanyaga! Shikilia!" Nikalegeza kinati cha kutolea hewa, mafuta yakaja na mapovu kupitia kipira hadi kwenye chupa ya soda. Kabla sijafunga, Josephat akaachia, na pedali ikipanda ikavuta hewa ile ile ndani. Tukarudia mara ya pili. Mara ya sita.

"Nimesema ushikilie!"

"Nimeshikilia!"

"Umeachia!"

"Mguu umechoka, dada. Huu si mguu wa ndovu."

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Josephat, toka hapo. Unakanyaga kama unawasha pikipiki."

Akavua ndara, akapanda. Sikuwa nimemwona ndani ya gari hilo tangu mazishi.

"Mimi na baba yako hatukupigiana kelele," alisema. "Nilikuwa nikiimba. Mstari mmoja wa alto, polepole, mguu ukiwa chini. Nikifika mwisho, yeye ameshafunga."

Nikabaki na spana mkononi. Zile Agosti zote nilisikia nyimbo za kwaya zikitoka kwenye pikapu, nikadhani Mama anaimba kwa sababu ya likizo, kwa sababu sote tuko nyumbani. Kumbe alikuwa akimpimia Baba muda. Au labda yote mawili.

"Uko tayari?"

"Tayari, Mama."

Akaanza. Katikati ya mstari sauti ilimkatika. Nilingoja pedali ipande. Haikupanda. Akaumalizia mstari kwa kunong'ona, nami nikafunga.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Haya, tena."

Tulianzia nyuma kushoto, gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, tukaja nyuma kulia, kisha mbele. Josephat alikuwa akiongeza mafuta. "Usiyamwage kwenye rangi," Mama alimwonya, "yanaibambua." Mapovu yakapungua, yakaisha. Pedali ikasimama juu, ngumu.

Nilitaka kwenda kujaribu mara moja. Mama akakataa. "Tupu hata mkokoteni unasimama. Pakieni mahindi." Tukapakia magunia manne, akakaa kando yangu. Mteremkoni nilikanyaga. Pikapu ikainamisha pua, ikasimama hatua kadhaa kabla ya kona. Mama alishuka akagusa magurudumu yote manne kwa nyuma ya mkono, moja moja.

"Nyuma kulia ina moto kuliko wenzake. Umeikaza sana. Ilegeze."

"Nitailegeza."

Akatoa simu kwenye kanga, akasogea kando ya barabara.

"Zubair mwanangu, hujambo? Samahani, kesho usije." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si bei. Msichana wangu ana kazi na hili gari."