Shati la Kuvalia Kikoi Njia ya Modogashe

Maneno haya nilipewa na mwanamke mmoja muuza maziwa, na tangu siku ile hayakunitoka kichwani. Jina lake silitaji, na mkisoma mtajua kwa nini. Alisema askari wa kizuizi cha barabarani siku hizi hawasomi tena kipande cha kitambulisho. Wanatazama shati. Mwanamume akivaa kikoi chini na kaki juu anashushwa kwenye lori, na akishushwa, lori linaambiwa liende zake.

"Uzushi huo," nilimwambia.

"Haya, ni uzushi. Leta chombo nikupimie."

Nikachukua maziwa yangu nikaenda. Nilipofika nyumbani nilimkuta mwanangu Nuh amekaa kwenye mkeka, chini kikoi, juu shati la kaki. Niliteleka maziwa, yakachemka, yakamwagikia moto, na mimi nimesimama hapo hapo namtazama.

Kikoi chenyewe hakina la kuchagua. Wanaume wetu wote huvaa kile kilichoshonwa kikawa duara kama sketi, wanakunja kiunoni, basi. Huu ni mwaka wa nne wa vita na kinachochaguliwa ni cha juu. Mtu wa mbali atasema kijana avae suruali yaishe. Hayaishi. Suruali ni nguo ya karani, na watu wa porini, wale wanaopigana na serikali, wakimkuta njiani wanamuuliza anamwandikia nani. Askari ana jicho lake na mtu wa porini ana lake, na kijana ana kifua kimoja tu cha kutazamwa na wote wawili.

Na Nuh ilikuwa lazima asafiri. Mama yangu, Kaaha, ambaye Nuh humwita ayeeyo, alikuwa bado nje kule Modogashe na ngamia wake wawili. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila mtu aingie kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, siku saba, na atakayeonekana nje baada ya hapo ni adui. Mama yangu magoti yake hayamchukui hata mpaka kisimani. Hirsi, mume wangu, ana mgongo uliovunjika zamani, hawezi kukaa juu ya lori. Akabaki Nuh. Siku mbili zilikuwa zimeshapita.

Nikatandika mashati yote tuliyoweza kupata. Yalikuwa matatu.

La kwanza ni hilo la kaki. Alipewa alipokuwa kibarua wa kutengeneza barabara, miaka miwili akipiga kokoto juani. Lilikuwa na mifuko miwili kifuani yenye vifuniko, na vile vikanda vya mabegani. La pili ni jeupe la Hirsi la kuvaa Idi. La tatu lilikuwa la drafti, miraba ya bluu na nyeupe, la shemeji yangu Rage. Rage alilileta mwenyewe, limechanika kwapani na kola imeliwa.

"Hili limenipitisha vizuizi vyote mpaka Isiolo na kurudi," alisema Rage. "Hakuna aliyenitazama mara mbili."

"Hata mbuzi hawakutazami ukivaa hilo," akasema Hirsi.

Nuh alicheka. "Hooyo, naenda kumchukua ayeeyo. Siendi kuposa."

"Nyamaza. Simama nikupime."

Jeupe nililitoa kwanza. Linaonekana kutoka mbali, na kwa watu wa porini shati jeupe lililopigwa pasi ni ofisi inayotembea. Hapo sikukosea. Likabaki la drafti na la kaki.

Sasa hapa ndipo nataka mama yeyote anayesoma asimame kidogo. La drafti ndilo lililokuwa shati lake. Nililijua. Lakini nililiona linaning'inia mwilini mwake, kwapa wazi, harufu ya punda, na nikafikiria wanawake wa Modogashe niliokua nao. Watasema binti wa Kaaha amekaa mjini Garissa akashindwa kumvisha mwanawe, amemtuma kwa bibi yake kama mwombaji. Kwetu kijana akifika kwa watu wa mama yake, anayetazamwa si yeye, ni mama yake. Niliogopa midomo ya wanawake nikiwa nimeshaambiwa habari ya bunduki. Nikamrudishia Rage shati lake.

Rage alilikunja, akaliweka begani. "Shemeji, kiburi hakina mfuko," alisema, akaondoka.

Nikasema kama kaki ni tatizo kwa sababu inafanana na ya askari, basi nitaitoa uaskari. Nilichukua wembe nikaketi ndani ya nyumba mchana ule, nikafumua mifuko yote miwili, uzi mmoja mmoja. Nikafumua vikanda vya mabegani. Shuleni kwa miaka minne niliyosoma, jambo moja nililosifiwa ni mkono wa sindano. Nikakanda kitambaa kwa maji na kidole mpaka matundu ya uzi yakajifunga. Nyumba yetu ya mikeka ina kiza hata saa sita. Nililishika shati mbele yangu nikaliona ni shati tu, la mtu yeyote. Hirsi alilipapasa akasema, "Kazi safi." Nilifurahi kusikia.

Nuh aliondoka kabla jua halijatoka, na lori la Keinan, mtoto wa binamu yangu. Nilimfunga vifungo mwenyewe kama mtoto. Hakunikataza.

Siku ya pili Keinan alirudi peke yake. Nilimwona akizima lori mbali, akija kwa miguu, na dereva haji kwa miguu akiwa na habari nzuri.

"Eeddo," aliniita, yaani shangazi, "kaa chini kwanza."

"Nimechoka kukaa. Sema."

Akasema. Walifika kizuizini jua limeshapanda. Askari alikuwa na furaha siku ile. Aliwapanga wanaume kando ya barabara akawatembelea mmoja mmoja. "Mbona leo mmeleta sketi nyingi hivi? Kuna arusi?" Watu wakacheka, maana kizuizini askari akitania unacheka. Akafika kwa Nuh, akaacha kutania.

"Hapa kifuani kulikuwa na nini?"

"Mifuko, afande."

"Iko wapi?"

"Imetolewa."

"Na hapa mabegani?"

"Vikanda. Vimetolewa pia."

"Nani kavitoa?"

"Mama."

Yule askari akamwita mwenzake. "Njoo umsikie huyu. Mama yake ndiye kamanda. Anavua watu vyeo." Kisha akamgeukia Nuh, "Ulikuwa na nyota ngapi, kijana, kabla mama hajakasirika?"

"Ni shati la barabara, afande. La kibarua."

"Kibarua anaficha mifuko?"

 Keinan alisema hata yeye, aliyemjua Nuh tangu azaliwe, alipomtazama pale juani aliona askari aliyetoroka. Wakamshusha. Keinan akaambiwa aende.

"Lakini nililitazama shati lile!" nilisema. "Halikuwa na kitu."

"Uliliona wapi, eeddo?"

Nililiona kwenye kiza cha nyumba. Nilijua. Jua la barabarani lilikuwa limeipausha kaki ile miaka miwili, kila mahali isipokuwa palipofunikwa. Nilipofumua mifuko, chini yake kulikuwa na kaki mpya, miraba miwili kifuani na njia mbili mabegani, nyeusi nyeusi kama chapa ya moto kwenye ngamia. Lilipokuwa na mifuko yake lilikuwa shati la kazi. Mimi ndiye niliyelifanya la jeshi.

Kitambaa hatutupi. Mifuko na vikanda nilikuwa nimevifunga pamoja na nyuzi zangu, nikavitwaa, na Keinan akanibeba mpaka kambi ya jeshi alikopelekwa Nuh. Nilisimama langoni siku nzima. Kesho yake nikasimama tena. Siku ya tatu afisa mmoja aliniita ndani. Alikuwa mtu wa bara, macho mekundu, amechoka kama mimi. Shati la Nuh lilikuwa juu ya meza. Nuh hakuwemo.

Nikampa mifuko. Aliiweka juu ya ile miraba mwenyewe, taratibu, ikaenea sawasawa. Akaweka na vikanda.

"Ni kweli," alisema. "Ni shati la barabara. Sasa niambie mama, kwa nini ulivitoa?"

"Nilisikia kaki inakamatisha."

"Ulisikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu wana majina."

Nikalitazama shati.

"Hapa hapajawahi kutoka amri ya mashati," alisema. "Mtu anayezunguka mjini akiwaambia watu jeshi linatazama nini, huyo ndiye namtaka. Kijana wako simtaki. Nipe jina moja, atoke kwa mlango huo leo, mrudi naye nyumbani."

Nilimfikiria yule mwanamke. Ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na chombo chake cha maziwa kimefungwa kwa ngozi. Aliniambia kwa sababu aliniona nina mtoto wa kiume. Kama ningejua haitajulikana kwamba limetoka kinywani mwangu, ningelitaja. Nasema hivi kwa sababu sitaki mnione bora kuliko nilivyo. Jina lilifika kwenye ulimi likakaa hapo.

"Sijui jina lake," nilisema.

"Basi kaa na hilo jina lako. Na mimi nakaa na kijana wako."

Alinirudishia mifuko. Shati alilibakiza.

Nuh alikaa siku ishirini na sita. Alirudi kwa miguu, na kikoi peke yake, mgongo wazi, na nilipoona mgongo ule nilimfunika kwa mtandio wangu kabla ya kumsalimu. Mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega. Kila asubuhi namvisha, kwanza mkono mbaya, kisha mzuri, na vifungo nafunga mimi. Mama yangu majirani walimbeba juu ya ngamia wakamwingiza kijijini siku ile ile aliyoshushwa Nuh. Ngamia wawili hawakuruhusiwa kuingia. Walikutwa nje wakapigwa risasi.

Siku moja nilimwambia Nuh kila kitu, habari ya jina. Alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

"Ungelitaja, hooyo."

"Wangemchukua."

"Najua," alisema. "Ungelitaja."

Halafu akaomba sukari. Hatujayazungumza tena, na mimi bado sijui nilifanya vizuri au vibaya. Nimechoka kulitafuta jibu.

Lakini wanawake wanakuja. Wana vijana wanaokwenda Ijara, wanaokwenda Mandera, na wananiuliza mtoto avae nini na kikoi, kana kwamba nimekuwa fundi wa jambo hilo. Sina la kumhakikishia mtu. Kama una la drafti au la mistari, limezeeka, mvishe hilo na watu waseme watakavyosema. Mengine ya kuepuka ni haya:

Kaki ya aina yoyote, hata ya shule.

Kijani cha majani, hata fulana, hata sweta aliyofuma bibi.

Shati jeupe lililopigwa pasi.

Shati lililotolewa kitu: mfuko, kola, jina, nambari. Lilivyo, liache lilivyo.

Shati la mtu aliyekamatwa, hata kama limefuliwa.

Koti juu ya kikoi wakati wa joto. Ataulizwa anaficha nini.

Kulichagua shati ndani ya nyumba. Litoe nje saa sita, litazame kwa mbali, kisha mwite mtu asiyekupenda alitazame naye.

Shati refu linalofunika kiuno chote. Askari anataka kukiona kiuno.

Kushikashika kunjo la kikoi mbele ya askari. Mikono iwe wazi. Kikoi kikilegea, kilegee.