Neno la Kuacha Majini

Shefu Barutwanayo, aliyekuwa mkubwa wa mtaa Gatumba, alipookoka, kanisa zima lilisimama kupiga makofi, isipokuwa mtu mmoja. Cirimwami alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma, mikono ameikalia kama mtu anayeizuia isije ikafanya jambo. Mbele pale, chini ya mabati, shefu alikuwa analia mpaka kamasi.

"Nilikuwa mwenye dhambi!" alipaza sauti. "Dhambi nyingi! Bwana amezichukua zote!"

Zote. Neno lile lilimkwama Cirimwami kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anakusanya dhambi zake kama nguo chafu, anazifunga ndani ya shuka moja, anamtupia Mungu, wala haonyeshi hata moja. Na watu wanashangilia! Fukara akiiba kuku, atatajwa kuku, itatajwa na rangi ya manyoya yake. Mkubwa akiua, anasema "dhambi" na kupangusa pua.

Maana Cirimwami alikuwa na dhambi moja ya shefu ya kutaja. Iliitwa Consolée.

Walikuwa wametoka Bukavu pamoja, wakikimbia vita, wakaweka maisha yao Gatumba, ng'ambo ya mpaka, yeye akishona viatu, mkewe akiuza unga wa muhogo. Mwaka ule mto Rusizi ulipofurika na maji kuingia nyumbani bila kubisha hodi, Consolée alikuwa na malaria, hawezi hata kusimama. Ikatangazwa kwamba kamyo, lori la msaada, itakuja kubeba wagonjwa, wakusanyike uani kwa shefu. Cirimwami akambeba mkewe mgongoni, akamweka pale pamoja na wengine, akarudi haraka kuchukua sufuria na vyombo vyake vya kazi. Alipokuwa anarudi, maji yakiwa magotini, alikutana na kamyo njiani. Juu yake palikuwa na friji imefungwa kamba, na viti vyekundu vya saloni, vya kukalia wageni sebuleni. Shefu amekaa mbele, pembeni ya dereva.

"Shefu! Mke wangu iko wapi?"

"Itarudi, muzee. Kamyo itarudi."

Haikurudi. Alimkuta Consolée amekaa kwenye ngazi ya saruji ya nyumba ya shefu, maji yamemfika kiunoni, midomo imebadilika rangi. Akakohoa chini ya shitingi, turubai la plastiki walilopewa wahamishwa, akakohoa, kisha kukohoa kukakoma. Cirimwami alihamia mtaa wa Jabe, mjini. Akawa anashona viatu vya watu huku moyo wake mwenyewe umefumuka, hana uzi wa kuushonea. Shefu naye alihama. Alipanda Kinanira, huko mlimani, ambako mto hata ukikasirika haufiki.

Baada ya ibada ile, Pasta Vainqueur alimfuata mpaka Jabe, akajikunja kwenye kigoda cha wateja.

"Papa Cirimwami, Jumapili tuko na ubatizo. Shefu njo ataanza."

"Ataanza? Kumbe hata kwa kutubu wakubwa wanapita mbele?"

Pasta alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Neema ni ya bure, Papa. Ingekuwa inalipiwa, isingeitwa neema."

"Ya bure ni kwake. Mi nililipa."

"Hasira ya Mungu juu ya zambi iliishia kwa musalaba."

"Mi sikukuwa kwa musalaba, Pasta. Nilikuwa Gatumba."

Pasta alishusha kiatu kimoja kilichotundikwa ukutani, akakipangusa vumbi.

"Hasira yako siikatae," alisema. "Zambi inachukiza. Hata Mungu inamuchukiza. Lakini chunga, Papa. Hasira ya haki ikilala muda murefu ndani ya mutu, inaoza. Na mwenyewe hasikie harufu."

"Nitakuja na mwanzi wangu," Cirimwami akajibu, na kugonga msumari kwenye kisigino.

Pasta hakuwa amemfuata kwa sababu ya maneno tu. Ubatizo ule usingefanyika bila Cirimwami. Kanisa lao lilibatiza ziwani, upande ule ambao Rusizi inamwaga matope yake, na maji ya pale yana wenyewe: viboko, na mara nyingine mamba. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Mtu mmoja husimama ndani zaidi, maji kifuani, mgongo kwa waumini na uso kwa kilindi, ameshika mwanzi mrefu. Mwanzi ukisimama wima, ni salama. Mwanzi ukiinuliwa na kulazwa juu ya kichwa, hakuna kuuliza, kila mtu atoke. Wimbo wa korali una kelele. Mdomo hausikiki, mwanzi unaonekana. Cirimwami ndiye aliyekuwa mlinzi huyo. Tena ni yeye aliyekuwa akienda Ijumaa kabla ya kila ubatizo kuwauliza watu wa ufukweni habari za maji.

Ijumaa ile alikwenda. Khadidja, mama wa mtaa wa Buyenzi aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, pale tangu ujana wake, alimwona kwa mbali.

"Muchungaji wa mamba huyo! Karibu. Leo unatafuta nani, mamba mulokole?"

"Nauliza tu kama maji ni mazuri, Mama Khadidja."

Mama yule aliacha kucheka. "Apana, si mazuri. Mamba iko hapa. Mubaya. Juzi imechukua mbuzi ya Rachid, imebaki kamba tu kwa muti. Wavuvi wenyewe hawaoge. Ambia pasta wenu, Mungu iko hata ndani ya pipa. Mubatize kwa pipa."

"Nitamwambia."

"Wallahi umwambie."

Hakumwambia. Si kwamba alisahau. Alipita mlangoni kwa pasta, akasikia wanaimba ndani, akaendelea na njia yake. Moyoni alijisemea: sijafanya kitu. Mi sina mamba. Kama Mungu amemsamehe kweli, atamlinda. Na kama hajamsamehe, basi mwenyewe anajua. Alikumbuka kwamba pasta naye atakuwa majini, tena karibu. Akajijibu: pasta naye alipiga makofi.

Usiku alilala vizuri. Jambo lile lingemwogopesha mtu mwingine.

Jumapili mawingu yalikuwa yameteremka, yamekalia milima ya Kongo ng'ambo ya pili, na ziwa lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Waumini walijipanga mchangani. Akina mama watatu waliongojea zamu yao walitetemeka ndani ya kanzu nyeupe, wakacheka kwa woga. Mbele yao wote alisimama shefu, mnene, kanzu imembana tumboni. Somo la ubatizo hakuwa amelihudhuria pamoja na wengine. Pasta alikuwa akipanda Kinanira kumfundisha kwake, juu ya vile viti vyekundu vya saloni. Alimfundisha mistari ya Biblia. Habari ya mwanzi, hakuna aliyekumbuka.

Cirimwami aliingia majini kwanza. Baridi ilimpanda magotini, kiunoni, pale pale ilipomfika Consolée, ikaendelea. Akasimama. Akawapa watu wote mgongo.

Korali ikaanza. Nyuma yake akasikia maji yakikatwa na miguu mizito.

Mbele yake palikuwa na gogo.

Lilikuwa mbali kidogo, limelala tu, jeusi, kama magogo yote ambayo mto unayaleta kutoka bara. Mawimbi yalikuwa yanakwenda ufukweni. Cirimwami akaangalia tena. Gogo halikwenda na mawimbi. Lilikuwa linakuja kwa upande, polepole, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa na hataki kuonekana.

Mikono yake ilijua kazi. Ilitaka kupanda. Akaikatalia. Mwanzi ukabaki wima.

"Ndugu Barutwanayo," ilisikika sauti ya pasta, "sasa uache neno lako kwa maji."

Korali ikashuka, ikabaki kunguruma chini chini, kama ilivyo desturi. Kila anayebatizwa katika kanisa lile lazima alitaje kwa sauti jambo moja analoliacha majini. Wengi huacha pombe. Wengine umbeya. Mama mmoja aliwahi kumwacha mume wa jirani, na jirani mwenyewe akiwa kwenye korali. Cirimwami alisubiri amsikie shefu akitupa lile furushi lake, "dhambi zangu zote," ili moyo wake ukae sawa.

Shefu hakulitupa.

"Kulikuwa mwanamuke," alisema. Sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa ndogo, kama imetolewa ndani ya mfuko. "Mwaka wa maji. Mugonjwa. Alikuwa ameshapanda kamyo, wamemulaza vizuri. Friji yangu ikakosa nafasi. Mi mwenyewe nilimushusha. Kwa hii mikono."

Cirimwami hakugeuka. Miaka yote aliamini Consolée aliachwa. Kumbe alikuwa ameshapanda. Kumbe alikuwa ameshaokoka, akashushwa. Na gogo lile sasa lilikuwa na macho mawili.

Njoo, akaliambia moyoni. Njoo, yuko hapa. Amesema mwenyewe kwa mdomo wake.

Na pale pale, kama mtu anayesikia harufu chumbani mwake na kuikumbuka nyama aliyoisahau chini ya kitanda, yakamjia maneno ya pasta. Angekuwa yeye leo ndiye anayebatizwa, angeacha neno gani? Aliliona limeshaandaliwa, linasubiri tu mdomo. *Ijumaa niliambiwa. Nikanyamaza.* Shefu alimshusha mtu kwa ajili ya friji. Yeye alikuwa anawashusha wawili majini, na akina mama watatu nyuma yao, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya haki? Consolée asingeila haki hiyo hata kwa njaa.

Macho mawili yale yakazama. Juu ya maji hapakubaki kitu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Mwanzi ukapanda, ukalala juu ya kichwa chake.

Ufukwe mzima ulipiga kelele mara moja. Pasta Vainqueur, ambaye jina lake kwa Kifaransa ni mshindi, alishinda kweli: aliifikia nchi kavu kabla ya wote. Aligeuka, akashika kichwa. Maana shefu alikuwa bado amesimama pale pale, mikono ameikunja kifuani, macho ameyafumba, anangoja kuzamishwa. Alidhani kelele zile ni shangwe.

"Toka, we mujinga!" Cirimwami alipayuka. "Toka!"

Shefu akafumbua macho, akamwona Cirimwami anamjia na mwanzi, uso umekunjamana, na akamtambua yule aliyemwuliza habari za mkewe siku ya kamyo. Tazama jinsi dhamiri inavyomfanyia mtu: hakukimbia. Aliinamisha kichwa, kama mbuzi aliyekwisha kubali.

Nyuma ya Cirimwami maji yalivimba. Aligeuka nusu, akausukuma mwanzi kule kwa nguvu zake zote, akahisi umekamatwa. Ukavunjika kama mfupa mkavu. Akamrukia shefu, akamshika kanzu shingoni, wakaanguka pamoja, wakazama wote wawili, wakaibuka, wakaburuzana juu ya matope, mmoja anatapika maji na mwingine anatukana, mpaka mikono ya watu ikawavuta mchangani.

Walilala pale kama samaki waliomwagwa. Shefu ndiye aliyeanza kusema.

"Umeniokoa."

"Usinitajie hilo neno. Si mi." Cirimwami alikaa, akapangusa matope mdomoni, akawatazama watu wote, hata wale akina mama watatu. "Sikieni. Mi nilijua tangu Ijumaa. Khadidja aliniambia kama mamba iko. Nilinyamaza kusudi, ili imukule huyu. Na we Pasta pamoja."

Mama mmoja alijifunika kanga kichwani, akaanza kulia bila sauti.

"Nibatize tena," Cirimwami alimwambia pasta.

Pasta Vainqueur alikuwa bado anakamua nguo. "Mutu habatizwe mara mbili, Papa."

"Basi mi nitatoka hapa na nini?"

"Na ile ile ya bure. Hakuna ingine."

Ile ile. Neema ile aliyoitemea mate kigodani kwake, akimnyima mwenzake. Cirimwami alitafuta ndani yake kitu kingine cha kulipia, hata kidogo, akakuta mfuko umegeuzwa nje. Akainamisha kichwa. Hasira yake haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa pale, imekaa, lakini sasa ilikuwa inawatazama watu wawili, shefu na yeye mwenyewe.

Kisha akauliza, bila kumwangalia shefu:

"Ulipomushusha, alisema nini?"

Shefu alichota mchanga, ukamvuja vidoleni.

"Aliuliza kama kamyo itarudi."

"Ukajibu?"

"Nikamwambia, itarudi."

Kule majini kipande cha mwanzi kilielea kidogo, kikavutwa chini, hakikuibuka tena. Ziwa likatulia, kama mtu aliyekatizwa chakula na bado amekaa mezani.