Ukurasa wa Arobaini

Dobi alikosa nywele, alikosa magego mawili ya juu, alikosa cheti cha shule yoyote inayofunguliwa mchana. Alikosa homa na jasho la usiku. Alikosa jamaa, jirani au mpangaji aliyewahi kuugua kifua kikuu. Baada ya dozi mbili kamili, alizomeza mbele ya mkewe kila asubuhi akiachama na kuinua ulimi kama farasi anayeuzwa, alikosa pia nafuu. Lakini zaidi ya yote alikosa kisanduku. Fomu ya hospitali ilikuwa na visanduku viwili tu, "Anacho kifua kikuu" na "Hana", na kikohozi chake hakikuenea katika chochote. Mgonjwa asiyeenea kwenye fomu huhesabiwa mkaidi.

"Mzee, dawa zetu unazitupa wapi?" aliuliza mkuu wa hospitali. Watumishi walimwita Bwana Mwongozo, kwa sababu hakufungua hata dirisha kabla ya kutazama kitabu cha mwongozo kilichokaa mezani pake.

"Nazitupa tumboni, bwana mkubwa."

"Hivyo? Basi Jumatatu unaingia wodi ya vifua. Miezi sita. Huko utameza tukikuona."

Wodi hiyo Dobi aliijua, maana mashuka yake yalipita mikononi mwake. Vitanda thelathini, madirisha mawili, na moja lilikuwa limepigiliwa misumari.

"Humo wamo wenye kifua kikuu cha kweli," mkewe alisema walipotoka nje. "Utaingia huna, utatoka unacho."

"Angalau nitakuwa nimepata kisanduku," alisema Dobi, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomshikisha ukuta.

Mtaalamu wa maabara, binti mwenye miwani mizito, alimkuta hapo ameinama.

"Shikamoo, baba. Njoo huku bombani, nikuambie jambo. Makohozi yako nimeyaotesha mara tatu. Vijidudu vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa kuota. Vya kwako, siku ya nne vimeshajaa kichupa! Ni ndugu zao, kwenye darubini huwezi kuwatofautisha, lakini ni wengine. Makazi yao ni majini na udongoni. Hizo dawa ulizomeza wanazichekea tu."

"Sasa si ungesema, mwanangu?"

"Nimesema mpaka sauti imenikauka. Mkuu anasema kinachoota upesi ni uchafu. Niandike 'imechafuka', nimwage. Nimemwaga mara mbili." Aliangalia nyuma. "Ya tatu nimeisahau kwenye friji."

"Umeisahau?"

"Naikumbuka sana, baba. Ila kuipeleka maabara kuu kunahitaji sahihi yake, naye hasaini kitu kisichokuwamo kitabuni."

Ijumaa asubuhi, Bwana Mwongozo mwenyewe alifika kwenye kibanda cha Dobi. Jumatatu ileile wakaguzi walikuwa wanakuja. Alisimama mlangoni, leso puani, akanyoosha mkono mrefu wenye makoti matatu meupe. Kikombe cha Dobi alikuwa ameamuru kitengwe na vyombo vya nyumbani, ila kola zilizopigwa pasi na Dobi alizivaa shingoni bila wasiwasi.

"Na hiki," alisema, akaongeza kitabu cha mwongozo. "Kimejikunja, kina aibu mbele ya wageni. Pasi ya uvuguvugu tu. Na usikisome, si cha kila mtu."

Dobi hakukisoma. Alikinyoosha ukurasa mmoja mmoja, na ni katika kunyoosha ndipo alipoona kwamba baada ya ukurasa wa thelathini na tisa ulifuata wa arobaini na mbili. Katikati palikuwa na karatasi nene kama kola yenye wanga. Aliinusa. Chai, tena yenye sukari nyingi, ya miaka mingi iliyopita. Kwa miaka yote hiyo hospitali nzima ilikuwa ikiruka hapo kama watu warukao dimbwi.

Alitandika kitambaa chenye unyevu, akaweka pasi, akahesabu kumi, akapenyeza kisu cha kukatia nyuzi. Karatasi ziliachana. Hapo ndipo aliposoma, kwa sauti yake ya shule ya usiku:

"Vijidudu vikiota kabla ya siku saba, visihesabiwe uchafu mpaka maabara kuu ithibitishe. Sampuli ipelekwe pamoja na barua ya maelezo. Wakati wa kusubiri, mgonjwa asilazwe pamoja na wenye kifua kikuu."

"Soma tena," alisema mkewe.

Alisoma tena, kisha akaomba karatasi nzuri na kalamu.

Jumamosi, mbele ya Dobi, mkewe na binti wa maabara, Bwana Mwongozo aliusoma ukurasa wa arobaini amesimama. Aliusugua kwa kidole kuona kama wino ungetoka. Haukutoka.

"Hili ndilo nimekuwa nikilisema siku zote," alitamka hatimaye. Binti wa maabara alitazama dari. "Kosa ni la huyu mzee. Angeninyooshea kitabu mapema, tusingefika hapa."

"Nisamehe, bwana mkubwa," alisema Dobi. "Ungekileta."

Mkuu aliisoma barua ya Dobi akitafuta kosa. Alipolikosa, aliongeza mkato mmoja, akasaini, akagonga muhuri. Kwenye fomu ya wodi akafuta "Jumatatu" kwa mistari miwili iliyonyooka, kisha akaitumbukiza barua kwenye bahasha. Ikabaki gundi, nayo ilitaka kuloweshwa.

"Nani atalamba?" aliuliza, tayari amevaa glavu.

Nje, dereva wa maabara alikuwa ameshapakia kisanduku cha sampuli na anapiga honi.

Dobi aliichukua bahasha, akailamba kutoka kona hadi kona bila haraka, akaikunja na kuikandamiza kwa dole gumba kama anayemalizia kola ya harusi. Akamnyooshea mkuu. Mkuu alirudi nyuma hatua mbili.

"Lete hapa," alisema mkewe. Aliipokea kwa mikono mitupu, akaipepea ikauke, akatoka nayo mbio hadi dirishani kwa dereva, na gari likaondoka.