Bisi za Mafuta ya Nazi

Kwenye karakana moja ya kushona sare za shule walifanya kazi wanawake tisa, na aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa mkataji. Mstari wake wa chaki haukupinda, na neno lake halikupingwa.

Asubuhi moja mke wa tajiri mwenye karakana alikuja kukagua kazi, akawakuta wanakunywa chai. Mshona vifungo, mgeni wa wiki mbili tu pale, akafungua kopo lake na kuwakaribisha wenzake bisi alizokaanga mwenyewe. Harufu ikatanda mezani. Mkataji aliitambua hata kabla hajaziona bisi zenyewe: mafuta ya nazi. Ndiyo harufu ya jiko la mama yake, ndizo bisi alizokulia. Mate yakamjaa mdomoni.

"Mh! Harufu gani tena hii?" mke wa tajiri akauliza, huku akiziba pua.

Mkataji akaona atoe kimasomaso. "Mama, huyu ametukaangia bisi kwa mafuta ya nywele," akasema. "Tukimaliza kula, tusukane."

Wakacheka, mbavu hawana. Mke wa tajiri alicheka mpaka akashikilia meza. Mshona vifungo naye alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekosa pa kuweka uso, kisha akafunika kopo lake taratibu.

"Samahanini, dada zangu," akasema.

Tangu siku hiyo chai akawa anainywa nje, kwenye ngazi, peke yake.

Siku tatu mkataji alijitia hamnazo. Siku ya nne akakata kola kumi na mbili, zote za upande mmoja, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike mkasi. Nyumbani mama yake akamwuliza kulikoni. Mama hadanganyiki, basi akamweleza yote.

Mama yake hakumkaripia. Aliitazama tu mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote ile nilikuwa nakulisha mafuta ya nywele?"

Mkataji aliinuka. Alichukua kanga yake akaenda dukani.

Akasimama mbele ya rafu ya mafuta kama aliyeulizwa swali gumu darasani. Akachukua ya alizeti, yasiyo na harufu, ambayo hakuna mtu angeyasemea lolote. Akayarudisha. Akashika chupa ya zeituni, nzuri, ya kujionyesha.

"Hayo hayataki moto mkali, dada," muuzaji akamwambia. "Unapikia nini?"

"Bisi." Akairudisha chupa haraka. "Nipe ya nazi."

"Ya kupikia au ya nywele?"

Muuzaji aliuliza kwa nia njema tu, lakini mkataji alihisi masikio yanamwaka.

"Ya kupikia," akajibu, kwa sauti ya chini.

Kesho yake alikaanga bisi mapema, akazibeba kwenye bakuli lenye mfuniko, akamfuata mshona vifungo pale ngazini.

"Mdogo wangu, nimekuletea. Nisamehe. Mimi mwenyewe nimekulia hizi."

Mshona vifungo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. "Dada, ulinicheka wapi?"

"Ndani."

"Mbele ya nani?"

Mkataji akageuza macho kwenye mlango wa karakana.

"Basi hapa nje hakuna aliyenicheka."

Saa ya chai mkataji akapiga moyo konde, akaliweka bakuli katikati ya meza. Mke wa tajiri naye alikuwepo, amefuata sare zilizokamilika.

"Hizi ni bisi za mafuta ya nazi," mkataji akasema. "Ndizo alizonilea nazo mama yangu. Siku ile harufu niliijua. Nilisema uongo ili mama huyu acheke."

Hakuna aliyecheka. Mke wa tajiri alikohoa, akainamia simu yake. Mkataji alibaki amesimama. Angeweza kuingia chini ya meza ya kukatia, angeingia.

Mshona vifungo alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Akaja, akachota bisi chache, akatafuna polepole.

"Zimeungua kidogo," akasema. "Punguza moto."

"Sawa, mdogo wangu."

Mshona vifungo akachukua kikombe chake akarudi ngazini. Wenzao wawili wakatazamana, wakalibeba bakuli wakamfuata. Mkataji akasikia wanacheka huko nje, kicheko cha kawaida cha watu wanaokula. Alitamani kutoka. Akachukua chaki, akainama juu ya kitambaa.