Ubavu Usio na Tundu

…na ubavu wa kulia wa gemu sasa ni laini kama kipande cha sabuni, kidole gumba chake kinapita pale na kurudi, kinatafuta tundu la waya ambalo yeye mwenyewe, mchoraji wa umbo, alilifuta mwezi uliopita, na meneja bado anaeleza kwamba gemu hili la mkononi watu walikua nalo tangu utotoni, kwa hiyo rangi ile ile, vitufe vile vile, kioo kikubwa zaidi, ila waya hapana, siku hizi nani anatembea na waya, na fundi wa umeme anadakia kwamba mmoja atacheza sebuleni na mwenzake chooni, wote wanacheka, anaona meno yao, anajua hicho ni kicheko, hakimfikii, kama vilio vya mazishi ya mama navyo havikumfikia, alisimama akiangalia viatu vya watu mpaka dada yake akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama kaumwa mwaka mzima, mdogo wangu, hukuja, na leo umekuja kama mgeni," naye akarudi kazini, kulikuwa na sampuli ya kumalizia, hii hii aliyoishika… simu imelala kifudifudi mezani, hana haja ya kuigeuza, ujumbe wa dada ameshauhifadhi kichwani, nguo za mama tunazigawa Jumamosi, ukija uje, usipokuja tutaelewa, tutaelewa, yaani nani na nani, mbona wamebaki wawili tu, yeye na dada… utotoni waya ulikuwa mfupi, huo ndio ukweli wake, ili gemu zao mbili ziungane walikaa sakafuni bega kwa bega, kiwiko cha dada kikimchoma mbavuni, mama akiwaruka na beseni la nguo, akiuliza nani kawashona hawa, na hata siku walizonuniana walikaa hivyo hivyo, wamenuna, maana aliyejivuta kando alichomoa waya na vioo vyote viwili viliganda, si cha aliyejivuta tu, vyote viwili, magari ya mashindano yamesimama katikati ya kona, na kubishana nani kaanza hakukusogeza gari hata moja, ilibidi mmoja auokote waya, auchomeke, waanze upya… "Mchoraji, tunakusubiri wewe tu," meneja anasema, pengine kwa mara ya pili, "ubavu tuufunge hivyo, uende kiwandani?" na fundi anauliza kama mwenzetu leo betri imekwisha, mtu anacheka kidogo, feni inazunguka, kidole gumba bado kinasugua pale palipo laini, na mbavuni, upande ule wa kulia, kuna kitu kinachoma, kidogo tu, mahali pa ukubwa wa kiwiko, hakikuwepo asubuhi, hakikuwepo mazishini, hasogei kisimtoroke, Jumamosi atakaa chini na dada karibu na zile nguo, wakinuna wanune, meneja anangoja neno moja tu, ndiyo, nalo halijamtoka…