Bwana Bure na Kompyuta ya Mke Wangu

Mwanamume akimpa mke wa mtu kitu cha bure, mimi huuliza swali moja tu: anataka nini? Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anasema swali hilo ndilo linalonizeesha. Mimi nasema ndilo lililonifikisha hapa nikiwa bado na mke.

Kazi yangu ni ufundi wa makochi. Nachana vitambaa vilivyochoka, natoa sponji zilizolala, nakaza mikanda, navisha upya. Ndani ya makochi ya watu nimekuta hereni za wanawake wasio wa nyumba ile, nimekuta vitana, funguo, picha zilizochanwa katikati. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba naona vitu visivyokuwepo. Vipo, ila vimeshonewa ndani.

Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapacha, ana kazi yake kwenye chumba cha mbele. Anachapa mitihani ya shule, kadi za mialiko na barua za watu wanaotafuta ajira. Mimi niko karakana ya uani, ukuta mmoja katikati yetu. Kompyuta yake ilikuwa imezeeka kiasi kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia uwanja, ukaoga, ukarudi ukaikuta bado inajinyoosha. Hapo ndipo alipoingia yule fundi kompyuta.

Jina analo, lakini mimi namwita Bwana Bure, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ni mtu wa mashati yaliyopigwa pasi, kucha safi, sauti ya chini. Ukimsalimia anakuitikia kwa heshima zote, na hilo nalo linaniudhi.

"Baba Mapacha," mke wangu aliniambia siku ile, "fundi anasema tuachane na ule mfumo wa zamani. Kuna mwingine unaitwa Linux. Kompyuta itakuwa nyepesi, na ni bure."

"Bure kivipi?"

"Bure tu. Wanautengeneza watu wengi duniani, kila mmoja anaongeza chake, halafu wanaugawa. Ukitaka hata kuufungua uone ulivyoshonwa ndani, ruksa."

"Watu gani hao wasio na kazi za kufanya?"

Alicheka, akasema nimeanza. Sikuwa nimeanza. Wahenga walishasema rahisi ghali, sasa cha bure kitakuwaje?

Bwana Bure akaja na flashi ndogo ya bluu, akauweka mfumo wake. Kompyuta ikawa inawaka upesi, siwezi kukataa. Lakini printa ikagoma, kwa hiyo ikabidi arudi. Wakakaa viti viwili, bega kwa bega, wakafungua dirisha moja jeusi ambalo mtu anaandika amri kwa maneno badala ya kubofya. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na misumari midogo imejaa mdomoni, kama ilivyo desturi yetu mafundi makochi, maana mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Nikamsikia mke wangu akisema, "Imekubali!" Kisha akacheka. Si kile kicheko cha wateja. Ni kile kinachoanzia tumboni, ambacho miaka yote nilidhani ni changu. Nilitaka kuuliza kuna nini huko, lakini mwenye misumari mdomoni haulizi kitu. Unameza mate kwa uangalifu, unaendelea kugonga.

Nilishikwa na wivu, nasema wazi, sina haja ya kuzunguka mbuyu. Wivu wenyewe haukuwa wa mkono kushika mkono, maana mlango ulikuwa wazi na wateja walikuwa wanaingia na kutoka. Niliona wivu wa yale maneno yao. Walikuwa wanasema vitu ambavyo mimi sivijui, na mke wangu alikuwa anavielewa. Tukiwa mezani alianza kunisimulia jinsi alivyoongeza programu ya kuchorea kadi, jinsi alivyokosea na kurekebisha mwenyewe. Macho yalikuwa yanamng'aa. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

"Njoo siku moja ukae nikuonyeshe," aliniambia. "Ni raha. Hata wewe utaweza."

Hata mimi! Nilimjibu kwamba sina muda wa michezo, nina makochi ya watu.

Shemeji aliliona hilo mapema. Ana kawaida ya kupita kwetu kutoa kopi, na mdomo wake haujawahi kukaa likizo. Alinikuta nimesimama karibu na dirisha la chumba cha mbele, najifanya napima fremu.

"Shemeji," akasema, "ukiendelea kuchungulia, shingo itagandia hivyo hivyo. Tutakuzika umepinda."

"Lisemwalo lipo," nikamjibu.

"Nani amesema? Ni wewe peke yako unayesema."

"Basi kama halipo laja."

Alinitazama kidogo, safari hii bila kucheka, akaenda zake.

Jumamosi mke wangu alitoka kupeleka mitihani shuleni. Mapacha walikuwa kwa bibi yao. Niliingia chumba cha mbele kutafuta mkasi, nikaiona ile flashi ya bluu imetundikwa kwenye msumari kando ya kalenda. Bwana Bure alikuwa amemwachia. Kwa nini amwachie, ikiwa kazi imekwisha? Niliitazama, ikanitazama. Nikasema, leo nachana kitambaa, nione sponji.

Niliichomeka, nikawasha. Badala ya kuwaka kama siku zote, kompyuta ilinipa maneno mawili nichague: kujaribu mfumo, au kuuweka. Kuuweka niliogopa. Nikachagua kujaribu, nikasubiri.

Kioo kilipofunguka, picha ya mapacha iliyokuwa ikikaa pale mbele haikuwepo. Palikuwa na rangi tupu, zambarau, kama pazia la ukumbi wa kukodi. Nikafungua sehemu ya picha. Hakuna kitu. Picha za harusi yetu, ile ambayo kaka yangu alipepesa macho katika kila picha, hakuna. Mapacha walipoanza kutambaa, hakuna. Nikafungua nyaraka, nikafungua muziki, nikafungua hadi pipa la taka. Kote kweupe. Nilikaa pale nikisikia moyo unagonga kuliko nyundo yangu. Mke wangu alikuwa amehama. Mwili ulikuwa bado unalala nyumbani, lakini huku ndani alishafungasha, alishanifuta mimi na watoto wangu, akajenga maisha mapya yaliyo safi kama shati la Bwana Bure. Na mimi mjinga nilikuwa nagonga misumari.

Mke wangu aliporudi na dada yake, nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Kulikuwa na mteja mmoja barazani, anasubiri kutoa kopi. Sikumjali.

"Picha za harusi yetu ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko kwenye kompyuta. Kuna nini?"

"Hazipo! Watoto hawapo! Umenifuta, Mama Mapacha. Umemfungulia yule mtu nyumba, akaingia, akatutupa nje wote. Mkicheka mlikuwa mnanicheka mimi, sivyo? Sema. Sema mbele ya dada yako unampa nini kwa hivyo vya bure vyake."

Yule mteja alikunja karatasi zake, akaondoka bila kuaga. Shemeji, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa likizo, aliangalia chini.

Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Aliweka mkoba juu ya meza, akatazama kioo, akaitazama flashi iliyokuwa imechomoza ubavuni mwa kompyuta.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Akaigusa ile flashi kwa kidole.

"Hii umeichomeka wewe?"

"Ndiyo."

"Ukachagua kujaribu."

"Ndiyo, nikachagua kujaribu. Kwani kuna kosa?"

"Ukiwasha kwa hii, kompyuta inakuonyesha mfumo mtupu, kwa mtu anayetaka kuuona kabla hajauchukua. Haigusi vitu vyetu, wala haikuonyeshi. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa analofundishwa mgeni. Ungekaa siku moja ningekuonyesha."

Akazima, akaichomoa, akawasha upya. Mapacha wakatokea, mmoja kang'oka jino. Akafungua picha. Harusi ilikuwepo, na kaka yangu na macho yake. Mapacha walikuwepo, wamepangwa mwaka kwa mwaka. Makochi yangu yalikuwepo pia, yale niliyoyavisha upya, kayapiga picha kabla wenyewe hawajaja kuyachukua, maana wateja wakija kuuliza kazi yangu huwa anawaonyesha. Alizipitisha zote, moja baada ya nyingine. Nilitaka aache. Hakuacha mpaka ya mwisho.

"Sasa mimi ningejuaje?" nikasema. "Mtu yeyote angeogopa."

"Angeogopa, angeuliza," akasema. Kisha akavuta kiti, akaanza kuandika.

Shemeji alijaribu kuleta utani, eti sasa tumvishe Bwana Bure kitambaa kipya, lakini hata yeye mwenyewe hakuumalizia. Akasema atarudi kesho kwa ajili ya kopi zake.

Mke wangu alipomaliza aligeuza kompyuta nione. Kulikuwa na majina mawili kwenye kioo, langu na lake.

"Mfumo huu unaruhusu kila mtu awe na sehemu yake," akasema. "Ya kwako hii, haina neno la siri, ingia wakati wowote. Ya kwangu hii. Ina neno la siri."

"La nini? Miaka yote hatujawahi kufungiana kitu humu ndani."

"Ulikuwa unatafuta mahali nilipojificha, Baba Mapacha. Hapakuwepo. Sasa papo."

Nilijua ni wakati wa kunyamaza, lakini ulimi wangu una haraka zake. "Amekufundisha yeye hilo?"

"Nimesoma mwenyewe. Maelekezo yamo humo humo, bure."

Jumapili alikuwa uani anaanika nguo. Tulikuwa tumesalimiana, tumekula, tumeongea habari za watoto na za gesi, kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Niliingia chumba cha mbele. Nilijiambia naenda kujifunza. Nikawasha, majina mawili yakaja. Nikabofya langu, nikakuta kweupe, picha tupu, nyaraka tupu, na safari hii hapakuwa na flashi ya kusingizia. Nikatoka. Nikabofya lake.

Nikaandika tarehe ya harusi yetu. Ikakataa. Nikaandika majina ya mapacha, kwanza huyu halafu yule, kisha yule halafu huyu. Ikakataa. Nikaandika langu, polepole, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa. Ikakataa. Nilikaa nikitazama ule mstari unaowaka na kuzima, na lile swali langu la anataka nini likanirudia. Vidole vikaenda vyenyewe. Nikaandika jina la fundi kompyuta, lile jina lake halisi ambalo sijawahi kulitamka ndani ya nyumba yangu.

Ikakataa. Nikashusha pumzi. Nilifurahi, nakwambia, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikageuka.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo kiunoni. Kioo huonyesha vidoti tu, lakini hakuwa anatazama kioo. Alikuwa amevifuata vidole vyangu, herufi kwa herufi.

"Hata hilo umelijaribu," akasema.

Akahamishia beseni kiuno cha pili, akapita kwenda ndani.