Ng'ombe Wangu na Kifo cha Askofu Eberwin

Watamwandikia kitabu, najua. Wataandika kwamba Askofu Eberwin alikuwa baba wa maskini. Mimi Hildrun, mwosha maiti, nilikuwemo chumbani siku ile, na nauliza: baba gani huyo anayempokonya mjane ng'ombe?

Kwetu bonde la mto Saale, mkulima wa ardhi ya askofu akifa, askofu hujichagulia mnyama aliye bora zizini. Mume wangu Odo hata udongo wa kaburi haujakauka, wakaja wakamchukua Bruna, ng'ombe wangu wa pekee. Wanangu wanne wakabaki na uji wa shayiri, tena mwepesi. Nilikwenda kumpigia askofu magoti. Alikuwa anakula samaki. "Mama, ndiyo desturi," akasema, mafuta yakimtiririka kidevuni.

Haya, desturi. Askofu naye akifa, watu wa nyumba yake hubeba wawezacho kabla mrithi hajafika. Sikukuu ya Mtakatifu Martini akaanguka mezani, bata bukini mdomoni. Padri Gerlach akamwekea unyoya puani kupima pumzi, ukatulia tuli, akaamuru kengele zigongwe. Mbio zilizofuata! Mapadri wazima na vipara vyao wanagombea mito. Walimvua hata pete, wakamwacha juu ya majani makavu. Mimi nilipitia zizini kwanza, nikamtoa Bruna na kumfunga langoni, ndipo nikaingia kumwosha.

Kitambaa cha maji kilipomgusa uso, akafumbua macho, akaomba maji.

Nikakimbilia ukumbini. "Padri, yu hai."

Gerlach alikuwa na vinara mikononi na zulia begani. "Amekufa huyo. Kengele zimeshagongwa."

"Anaomba maji."

"Si unamwosha? Atayapata hukohuko."

Nikarudi. Hawakuacha hata kikombe, nikamnywesha kwa kiganja. Nilimwonea huruma, sikatai. Akatazama kuta tupu, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe umechukua nini?"

"Ng'ombe wangu, Baba Askofu."

"Ng'ombe wangu mimi. Kamrudishe."

Huruma yote ikanitoka. Nikamwambia sawa, Baba, pumzika. Nikafunga mlango, nikamfungua Bruna, tukashika njia ya nyumbani. Kengele za msiba wake zilikuwa bado zinagongwa, naye yuko mle ndani anazisikia.